Wanandoa na Siku ya Burudani
Tivoli, iliyofunguliwa jijini Copenhagen, Denmark, mwaka 1843, ni miongoni mwa bustani kongwe za burudani duniani, yaani viwanja vya bembea, muziki na vyakula ambavyo huingiwa kwa kiingilio, na ni kosa kudhani kwamba bustani za aina hiyo ni za watoto peke yao. Katika kigarimoshi chake cha reli za mbao cha mwaka 1914, ambacho hupanda na kuporomoka kwa kasi, mfanyakazi huketi pamoja na abiria akidhibiti breki kwa mkono, huku mume na mke waliobanana kitini wakiogopa na kucheka kwa pamoja. Ndoa iliyolemewa na ada, kodi na majukumu ya kazi huihitaji siku kama hiyo, kwa kuwa mapenzi nayo hutengewa muda.