Waya wa Zambia: Nani Ashike Ufunguo?



Siku hizi kila serikali ya Afrika yajisifu kwa intaneti. Huhesabiwa minara, huhesabiwa simu za mkononi, huhesabiwa kilomita za faiba zilizofukiwa ardhini, kisha wananchi huambiwa kwamba hayo ndiyo maendeleo. Sisi watu wa reli hatuyakatai. Lakini kazi yetu imetufundisha kwamba njia nzuri haimfai abiria ikiwa mtu mwingine aweza kuifunga apendapo. Kwa hiyo hatuulizi minara ni mingapi. Twauliza ufunguo umo mkononi mwa nani. Na nchi ya kutufundisha jambo hili ni Zambia, kwa sababu imelilipia zaidi ya mara moja.

Zambia haina bahari. Imezungukwa na nchi nane, na kila mzigo uingiao au utokao hupita katika ardhi ya jirani. Januari 1973 serikali ya walowezi ya Ian Smith huko Rhodesia iliufunga mpaka, na mizigo ya Zambia ikapaswa kutafuta njia nyingine ya kufika baharini. Wakati huo reli ya kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, kilomita 1,860, ilikuwa tayari ikijengwa kwa mkopo wa China usio na riba, ikakabidhiwa mwaka 1976. Watu wa Zambia walikwisha jua maana ya njia kushikwa na mwingine.

Intaneti nayo ni njia. Tena yafaa tuwasifu Wazambia, maana hawakungoja kuletewa. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990, watu wa Chuo Kikuu cha Zambia, Lusaka, walikuwa wakipeleka barua za kompyuta kwa simu ya kawaida mpaka Chuo cha Rhodes, Afrika Kusini, na kutoka huko zikienda duniani. Madaktari walikuwa miongoni mwa waliofaidika. Mwaka 1994 chuo hicho kikaanzisha kampuni ya Zamnet, na Zambia ikawa katika nchi za kwanza kusini mwa Sahara, ukiiacha Afrika Kusini, kuwa na intaneti kamili. Hawakuwa matajiri. Walikuwa na ujuzi.

Lakini muda si muda mkono mwingine ukashika ufunguo. Februari 1996 gazeti la The Post liliandika kwamba serikali yataka kupiga kura ya maoni juu ya katiba bila kuwapa watu muda wa kutosha kujitayarisha. Rais Chiluba akalipiga marufuku toleo lile. Gazeti la karatasi likakamatwa, lakini katika intaneti likaendelea kusomwa, mpaka Zamnet ikatishwa na polisi ikaliondoa. Na Agosti 2021, siku ya uchaguzi, WhatsApp na mitandao mingine ilizuiwa. Shirika moja la raia likaenda Mahakama Kuu, na mahakama ikaamuru ifunguliwe. Wako wasemao kwamba serikali lazima izuie uongo na fitina. Sawa, mwongo ashtakiwe kwa jina lake, lakini kuwafungia watu wote njia kwa ajili ya mwongo mmoja ni sawa na kung'oa reli kwa sababu mwizi alipanda gari la moshi.

Mkono wa pili ni wa mnunuzi. Mwaka 2010 serikali iliuza asilimia 75 ya Zamtel, shirika la simu la umma, kwa LAP Green, kampuni ya serikali ya Libya, kwa dola milioni 257. Wafanyakazi wengi wakapewa malipo yao wakaenda zao. Mwaka uliofuata vita vikaingia Libya, na Januari 2012 serikali mpya ya Zambia ikaichukua Zamtel tena, ikisema mauzo yale hayakuwa halali. Mambo yakaishia mahakamani. Hatusemi kwamba shirika la umma halina makosa. Zamani mtu aliweza kungoja simu miaka, na ni kampuni za binafsi zilizoeneza simu za mkononi kwa watu wengi. Ila twauliza: fundi aliyeujua kila waya wa mji wake, alipoondoka mwaka 2010, ujuzi ule ulirudishwa na nani mwaka 2012? Karatasi ya mauzo yaweza kufutwa na waziri, lakini miaka 20 ya mikono ya fundi haifutiki wala hairudi kwa amri.

Mkono wa tatu ni wa maji. Umeme mwingi wa Zambia watoka katika mito na mabwawa, hasa Kariba. Ukame wa mwaka 2024 ulikuwa mkali hata Rais Hichilema akautangaza kuwa janga la taifa, na sehemu nyingine zikakosa umeme kwa saa nyingi sana kila siku. Mnara usio na umeme watumia mafuta ya dizeli, na mafuta yana bei. Mama auzaye nyanya na kulipwa kwa simu, simu ikizimika, hana duka wala benki.

Basi sisi twasema hivi. Kwanza, sheria iseme wazi kwamba hakuna waziri wala polisi wa kuzima intaneti bila amri ya mahakama. Pili, mali ya umma isiuzwe gizani. Chama cha wafanyakazi kiwe mezani tangu siku ya kwanza, kione hesabu, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari. Tatu, fedha za minara ziende pamoja na fedha za umeme na za kufundisha mafundi wa nchi yenyewe, hata wale wa vijijini.

Haya si ya Zambia peke yake. Nyaya za baharini zilifika Mombasa mwaka 2009, na hapa Kenya twalipana kwa simu kila siku, mshahara, karo na nauli. Kila jambo tunalolitia katika simu ni jambo ambalo mtu mwingine aweza kulizima. Mwanachama asiseme hayo ni mambo ya wasomi. Katika mkutano wa tawi lako, uliza mwajiri na mjumbe wako swali hilo moja: ufunguo umo mkononi mwa nani? Usikubali jibu la kuhesabiwa minara.