Mkasi uwe mikononi mwa mama mwenyewe

LUBUMBASHI. Kila asubuhi wanawake wengi wanaingia mtaa wa Golf kwa miguu, wanapita kando ya kuta ndefu, wanakwenda kufagia na kufua katika nyumba za watu. Jioni wengine wanarudi na makaratasi yaliyotupwa: magazeti ya mitindo, kalenda za mwaka uliopita, matangazo ya kampuni. Nyumbani makaratasi hayo yanawasha makala. Ni hasara, kwa sababu yangeweza kufanya kazi nyingine.

Familia zilizokimbia vita zinajua jambo hili vizuri. Mgeni anafika na kamera, anapiga picha ya mama na mtoto mgongoni, anaandika chini yake neno moja: mhanga. Picha inasafiri mbali, na mama haioni tena. Shamba lake, biashara aliyokuwa nayo, hasira yake, mzaha wake, vyote vimekatwa na kutupwa. Yaani kukata na kubandika kumekwisha kufanyika, ila mkasi ulikuwa mikononi mwa mtu mwingine.

Kolaji ni kukata picha na maneno ya watu wengine na kuyabandika upya ili yaseme jambo lako. Huko Amerika, kuanzia miaka ya 1980, wanawake vijana na watu wanaopenda wa jinsia yao walitengeneza hivyo vijitabu vidogo, wakavitoa fotokopi na kuvigawa kwa mikono. Toronto walianza kimoja 1985. Olympia, katika jimbo la Washington, wasichana walivitoa kwa wingi kuanzia 1991. Hawakungoja mhariri awape ruhusa.

Watu watasema: hayo ni mambo ya wazungu. Si kweli, na Lubumbashi ndiyo ushahidi. Mwaka 1965 waliokuwa maboi na wapishi wa wazungu mjini hapa walitoa historia yao wenyewe ya mji, iliyoandikwa na André Yav kwa Kiswahili cha hapa hapa, kwa mashine ya kuandikia. Walikiita Vocabulaire de Ville de Elisabethville. Hakuna mwalimu mkubwa aliyewatuma. Na mwaka 2006 Sammy Baloji, mtoto wa mji huu, alitoa picha zake za Mémoire: aliwakata wafanyakazi kutoka picha za zamani za wakoloni, akawasimamisha katika magofu ya Gécamines ya leo. Huko Nairobi alizaliwa Wangechi Mutu, ambaye anakata magazeti ya mitindo na michoro ya vitabu vya udaktari na kujenga miili ya wanawake isiyomwomba mtu radhi.

Basi kama boi wa 1965 aliweza kuandika mji wake, mfanyakazi wa Golf wa leo anazuiliwa na nini? Anazuiliwa na mazoea. Hadi 2016 sheria ya familia ya Kongo ilimtaka mwanamke aliyeolewa aombe ruhusa ya bwana yake kabla ya kufanya mkataba. Sheria ilibadilishwa, lakini mdomo wa mtaa bado unauliza: nani amekuruhusu?

Wengine watasema: kwanza chakula, makaratasi baadaye. Ni kweli, karatasi hailiwi. Lakini kila anayegawa chakula huanza na picha aliyonayo kichwani: nani anastahili, nani msumbufu, nani asikilizwe. Anayekaa kimya katika picha hiyo anakaa kimya pia siku ya kugawa.

Kuna jambo gumu zaidi, la usalama. Oktoba 2010, huko Kampala, gazeti liitwalo Rolling Stone, lisilo na uhusiano na lile la Marekani, lilichapisha majina na picha za watu likisema wanapenda wa jinsia yao, na likaandika wanyongwe. David Kato alikuwa mmoja wao. Yeye na wenzake walikwenda Mahakama Kuu, na Januari 2011 wakashinda. Tarehe 26 ya mwezi ule ule aliuawa nyumbani kwake. Polisi walisema ni wizi. Wenzake wengi hawakukubali. Miaka michache baadaye, Desemba 2014, Kasha Jacqueline Nabagesera na wenzake walitoa jarida lao, Bombastic, ambamo watu hao walieleza maisha yao kwa maneno yao, na wakaligawa bure.

Uso ule ule unaweza kumlinda mtu au kumuua, kufuatana na nani aliyeukata. Mama aliyebakwa njiani, kijana aliyefukuzwa na ukoo wake, wote wanaweza kusema ukweli mzima katika kolaji bila uso wala jina: mkono kutoka kalenda, nyumba kutoka tangazo, maneno yaliyokatwa gazetini. Na sheria ya mkasi ni moja kwa wote: usibandike uso wa jirani bila yeye kukubali. Anayevunja sheria hiyo anafanya kazi ya lile gazeti la Kampala.

Gharama si kisingizio. Karatasi moja ya A4, ikikunjwa mara tatu na kukatwa mara moja katikati, inatoa kijitabu cha kurasa 8. Mwenye mashine ya fotokopi barabarani anamaliza kazi iliyobaki.

Kwa hiyo mashirika yanayokwenda kwa waliohama yapeleke pia mikasi na kole, na yaache nakala kwa walioitengeneza. Anayepiga picha aombe ruhusa, kisha arudi kuionyesha. Wamama wa makanisa na walimu wafungue meza moja kwa juma. Na matajiri wa Golf wasitupe magazeti yao: wawape wanaowafagilia, bila kuuliza watayafanyia nini.