Breki Zikilia, Zasema Nini?

Watu wa Busibwabo ni hodari wa kutambua sauti. Mkulima akisikia ng'ombe wake akilia usiku, hujua kama ni kiu, ama ni ndama, ama ni mwizi zizini. Lakini mtu huyo huyo akiwa na motokaa, na breki zikaanza kulia, mara nyingi huongeza sauti ya redio akaenda zake. Hiyo ni hatari, kwa maana breki hazilii bure.

Kwanza yafaa kujua kilichomo ndani ya gurudumu. Mna sahani ya chuma iitwayo diski, nayo huzunguka pamoja na gurudumu. Dereva akikanyaga breki, pedi mbili huibana diski hiyo mpaka gari lisimame. Pedi huliwa kidogo kidogo, kama jembe liliwavyo na udongo.

Mkwaruzo mwepesi wa asubuhi, baada ya mvua ya usiku, si ugonjwa. Diski imeshika kutu nyembamba, na breki ikikanyagwa mara chache kutu huondoka na sauti huisha.

Mlio mwembamba kama wa filimbi, unaorudi kila breki ikanyagwapo, ni onyo. Pedi nyingi zimewekewa kijibati makusudi. Zikibaki milimita 2 au 3 tu, kijibati hicho hugusa diski na kupiga kelele. Pengine ni vumbi tu, lakini heri fundi atazame juma hilo hilo.

Mngurumo wa chuma kusaga chuma ni jambo jingine kabisa. Hapo pedi imekwisha. Gari lisiendeshwe tena, hata kwenda sokoni Busia. Fundi aitwe lilipo. Anayekawia atanunua diski pamoja na pedi, na bahati ikimkosa atawakuta watoto wa shule wakivuka barabara naye hana breki.

Kuna na sauti isiyongoja breki kukanyagwa. Katika barabara za murramu, kijiwe huweza kunasa kati ya diski na bati linaloikinga, kikakwaruza njia nzima. Lakini ukiwa ni mvumo unaobadilika gari likatapo kona, yamkini ni beringi ya gurudumu, wala si breki. Tena, gurudumu moja likiwa na joto kuliko mwenzake baada ya safari, huenda breki yake imenasa. Mkono usogezwe karibu tu, usiguse chuma.

Malori makubwa yapangayo foleni Malaba kuingia Uganda hutumia breki za upepo. Upepo ukitoka kwa kishindo dereva aachiapo breki, ni desturi yake. Ukiendelea kuvuja hali lori limesimama, na mshale wa kipimo ukishuka, dereva asiondoke.

Wako wanaopaka oili juu ya pedi ili zinyamaze. Huko ni kumziba mdomo mlinzi anayepiga yowe: kelele zaisha, na mwizi yumo ndani. Wengine hubadili pedi za gurudumu moja, wakaliacha la pili. Gari kama hilo huvuta upande mmoja likifungwa breki. Wengine hupuliza vumbi la breki kwa mdomo, nalo laweza kudhuru mapafu. Lifutwe kwa kitambaa kilicholoweshwa maji.

Basi mwenye gari azime redio, afungue madirisha, aende pole pole kando ya ukuta, maana ukuta hurudisha sauti. Kisha amweleze fundi mambo matatu: ni gurudumu lipi, ni wakati breki inapokanyagwa au la, na ni gari likiwa baridi au lenye joto. Fundi aliyeambiwa hayo hafanyi kazi kwa kubahatisha, wala mteja hatalipia kifaa kisichokuwa na kosa.