Si Uzee Wala Nusukaputi Tu

Makala iliyochapishwa majuzi ilidai kwamba mzee anayeweweseka baada ya goti lake la bandia kubadilishwa amelemewa na umri na nusukaputi, basi familia isubiri tu. Ushauri huo ni wa hatari.

Umri wa miaka 65 na zaidi huongeza hatari, kweli. Lakini kubadilisha goti la bandia kuna mizigo yake: upasuaji huwa mrefu kuliko wa kwanza, damu hupotea zaidi, na mara nyingi mgonjwa hurudishwa kwa sababu goti limeingiwa na maambukizi. Ongeza usahaulifu wa awali, figo dhaifu, upungufu wa damu, pombe, dawa za usingizi na dawa kali za maumivu.

Kuhusu nusukaputi, jaribio la REGAIN la mwaka 2021, kwa wagonjwa 1,600 waliovunjika nyonga, lilionyesha kuwa sindano ya ganzi ya mgongoni haikupunguza kuweweseka ikilinganishwa na nusukaputi.

Kusubiri nako hakuna msingi. Mwaka 1999, Sharon Inouye na wenzake nchini Marekani waliwahudumia wazee wodini kwa hatua nyepesi: miwani, vifaa vya kusikia, maji ya kutosha, usingizi wa usiku, kutembezwa mapema. Waliochanganyikiwa walikuwa asilimia 9.9, dhidi ya 15 kati ya waliopata huduma ya kawaida.

Kwa hiyo, kabla ya upasuaji mwambieni daktari dawa zote anazotumia mzee, na pombe msiifiche. Baadaye, akianza kuweweseka, au akizubaa kimya isivyo kawaida yake, muiteni daktari saa hiyo hiyo. Hali hiyo ina chanzo, na chanzo lazima kitafutwe.