Laini mbili zilivyoikuza Transsion

KAMPUNI ya Transsion ya China, inayotengeneza simu za Tecno, itel na Infinix, ilianza mwaka 2006, na mwaka 2008 ikaelekeza nguvu zake Afrika. Kiwanda chake cha Ethiopia kilifunguliwa mwaka 2011. Mwaka 2019 ikaingia soko la hisa la Shanghai. Siri yenyewe si kubwa: laini mbili na betri inayokaa. Kupiga mtandao mwingine kulikuwa ghali, na muuza mboga wa Kibamba ana wateja kila mtandao.

Tatizo sasa ni mkopo. Simu janja ya kulipia kila siku hufungwa malipo yakichelewa, aghalabu wiki ile ile biashara imelala. Mwenye mtaji mdogo, afadhali kiswaswadu cha fedha taslimu. M-Pesa hupokelewa humo humo, bila intaneti.