Mtihani wa Uwakili: Ugumu Tunakubali, Giza Hatukubali



Kila msimu wa matokeo ya mtihani wa uwakili ukifika, tunasikia hoja mbili tu. Wengine wanasema mtihani ni mgumu kupita kiasi na umewekwa kufungia nje watoto wa maskini. Wengine wanasema vijana wa siku hizi hawasomi. Mimi naona pande zote mbili zinakwepa swali lenyewe: alama zinapatikana vipi, na ni nani anaona hizo hesabu?

Hii si habari ya wasomi peke yao. Huku kwetu kesi haziishi. Mtu ametolewa kwa ploti, mwingine amenyimwa mshahara kiwandani, kijana ameshikwa usiku na hajui kosa lake. Kutoka Kiandutu mpaka Kimbo, shida ikitokea swali la kwanza ni, "Tunajua wakili gani?" Mara nyingi jibu ni kimya. Kwa hivyo njia ya kuingia uwakili ikiwa na giza, giza hilo linatufikia sisi.

Tuanze na njia yenyewe, manake wengi wetu tunaijua nusu nusu.

Alama za kwanza zinahesabiwa form four. Sheria ya Shule ya Sheria ya Kenya ya 2012 inataja gredi ya C+ kwa jumla, na B ya Kiswahili ama ya Kiingereza. Angalia vizuri hapo. C+ ni pointi 7. B ni pointi 9. Mwanafunzi anaweza kufikisha C+ ya kwenda chuo kikuu, asherehekewe nyumbani, halafu lugha zote mbili ziwe B-. Pointi moja tu imempungukia, na hiyo pointi itamfuata miaka mingi baadaye, hata akiwa na digrii mkononi.

Sheria hiyo hiyo pia inataja mtihani wa kuingia, ule wa kabla ya masomo ya uwakili. Na hapa ndipo watu wamepelekana kortini mara nyingi. Je, digrii ya sheria ya chuo cha Kenya inatosha peke yake? Ama lazima pia uwe na gredi za KCSE? Mtu aliyeanza na cheti, akapanda diploma, akapanda digrii, anahesabiwa vipi? Majaji wenyewe hawajasoma masharti hayo kwa namna moja. Sasa kama majaji wanatofautiana, dada wa Kihunguro aliye mwaka wa pili wa digrii atajua aje kama mlango uko wazi?

Ukishaingia, masomo yako Karen. Kutoka Thika unavuka Nairobi nzima kufika huko, na kwa miaka mingi karo ya mwaka huo mmoja imekaribia laki mbili, kabla ya nauli, chakula na kodi ya nyumba. Kisha kuna miezi 6 ya kujifunza kazi chini ya wakili. Mtihani wenyewe unasimamiwa na Baraza la Elimu ya Sheria, na una karatasi 9: kesi za madai, kesi za jinai, utetezi mahakamani, mirathi, uandishi wa hati, uhamishaji wa ardhi, shughuli za biashara, maadili ya uwakili na uendeshaji wa ofisi ya wakili.

Kila karatasi ni alama 100 zilizogawanywa hivi: 20 za kazi ya mradi, 20 za mtihani wa mdomo, na 60 za mtihani wa kuandika. Kupita ni 50.

Tufanye hesabu ya mtu wa kawaida. Aliyepata 12 kwa mradi na 11 kwa mdomo ana 23. Anahitaji 27 kati ya 60 kwenye kuandika, yaani chini ya nusu. Mwenzake aliyepata 8 na 7 ana 15. Huyo anahitaji 35 kati ya 60. Wote wawili wataketi chumba kimoja, karatasi moja, siku moja, lakini kwa kweli hawafanyi mtihani wa ugumu mmoja. Mmoja ameingia na mzigo mdogo, mwingine na gunia. Kwa hivyo anayedharau mradi kwa sababu "ni alama 20 tu" anajifunga mwenyewe.

Hesabu ya pili ndiyo inaeleza vichwa vya habari vya "wengi waanguka". Ili uwe umemaliza, lazima upite karatasi zote 9. Chukua mwanafunzi mzuri ambaye kwa kila karatasi ana nafasi 90 kati ya 100 ya kupita. Kama kila karatasi inasimama peke yake, nafasi yake ya kupita zote 9 kwa mara moja ni kama 39 kati ya 100. Nafasi kwa kila karatasi ikiwa 80, jumla inashuka mpaka kama 13. Karatasi halisi hazisimami peke yake kabisa, lakini umeona mambo yanavyokwenda. Darasa lenye watu wanaojua kazi linaweza kutoa matokeo yanayoonekana kama msiba.

Ndiyo maana ukiambiwa tu "asilimia fulani wameanguka" hujaambiwa kitu. Walianguka karatasi ngapi? Moja ama saba? Ni ile ya uhamishaji wa ardhi inayoangusha kila mwaka, ama inabadilika? Waliofika nusu ya alama za mdomo walikuwa wangapi?

Angalieni jirani zetu. Oktoba 2022 Tanzania nzima ilizungumza kuhusu Shule ya Sheria kwa Vitendo. Kati ya wanafunzi 633, waliopita moja kwa moja walikuwa 26. Wengine 342 waliambiwa warudie baadhi ya masomo, na 265 wakaondolewa. Watu walikasirika, na walikuwa na haki. Lakini kwa sababu nambari zilitoka zikiwa zimegawanywa hivyo, waziri aliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Mjadala ukawa mpana: je, tatizo ni vyuo vinavyotoa digrii, ni ufundishaji wa shule yenyewe, ama ni usahihishaji? Bila zile nambari tatu, ingebaki kelele ya siku mbili.

Na mbali zaidi, Marekani wana mtihani wa kuingia vyuo vya sheria unaoitwa LSAT. Ni mgumu, hakuna anayebisha. Lakini anayeufanya anajua alama zinaanza 120 na mwisho ni 180. Anajua jibu la makosa halimpunguzii kitu. Anajua kuna sehemu moja ya maswali ya majaribio ambayo haihesabiwi. Anajua karatasi ikiwa ngumu kuliko ya msimu uliopita, kuna hesabu ya kusawazisha ili asionewe. Na karatasi za zamani zinapatikana za kufanyia mazoezi. Sisemi tuige mtihani wao, kwanza wao una mambo yake ya pesa na ubaguzi yanayolalamikiwa. Nasema mtihani unaweza kuwa mgumu na bado mtu akajua amepimwa kwa kipimo gani.

Mimi sitaki uwakili uwe rahisi. Yule mama wa Majengo anayepoteza nyumba yake anahitaji wakili anayejua kuandika hati bila makosa, sio mtu aliyesukumwa mbele kwa huruma. Lakini mizani isiyoonekana hata mwenye duka haruhusiwi kuitumia. Ukipima unga, mteja anaona sindano. Kwa nini mtu aliyelipa laki na kusoma miaka mitano asione?

Sasa tufanye nini? Mambo matatu.

Kwanza, takwimu tuziulize kwa sheria. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa Serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuandika ombi lako kwa Kiswahili ama Kiingereza, na ofisi inatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Ikikataa ama ikinyamaza, unaenda kwa Tume ya Haki ya Utawala. Tuombe matokeo ya kila karatasi kwa miaka kadhaa, yakionyesha mradi, mdomo na kuandika kila kimoja peke yake. Majina ya watu hatuyataki. Tunataka hesabu.

Pili, anayeona ameonewa asikae na uchungu chumbani. Kuna njia ya kuomba karatasi isahihishwe upya, na kuna Baraza la Rufaa la Elimu ya Sheria lililowekwa na sheria ya 2012. Uliza tarehe za mwisho mapema, manake rufaa nzuri iliyochelewa ni kama hakuna.

Tatu, tuanze kazi form two, tusingoje Karen. Wale mlio chuoni Thika na Ruiru, Jumamosi moja kwa mwezi kaeni na wadogo zenu kwenye insha na ufupisho. Ile B ya Kiswahili tunaichukulia mchezo kwa sababu tunaongea Kiswahili nyumbani, kisha inatuangusha. Na kama unawaza digrii ya sheria, uliza kabla ya kulipa: gredi zangu zinanifikisha mpaka wapi? Jibu ulipate kwa maandishi.

Ukiwa umefanya mtihani huu, ama uko njiani kuufanya, andika hapa chini ni karatasi gani na ni sehemu gani ya alama ilikusumbua. Tukiwa na orodha, tutajua la kuandika kwenye ombi la kwanza.