MASHINE YA MTUMBA SI TATIZO, TATIZO NI MNUNUZI

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nilikutana na kibaya kikijitembeza muhula wa pili mwaka jana, nikakikaribisha, nikakilipia, tena kwa pesa ambazo hazikuwa zangu. Ndiyo sababu nimeomba nafasi katika jarida letu, nijitetee kidogo na kutoa maoni yangu kuhusu jambo lililotugawa wanachama pande mbili: je, Chama cha Kiswahili kinunue tena mashine ya muziki ya mtumba au kisinunue kamwe?

Kwa msomaji ambaye hakuwako, nianze mwanzo. Chama chetu kilitaka sampla. Sampla ni mashine inayonasa sauti yoyote, iwe ya ngoma, ya kengele au ya mtu akikohoa, kisha inaiweka chini ya kitufe. Ukibonyeza, sauti inatoka. Ukizipanga sauti hizo zifuatane, basi umepata mdundo. Ndugu yake ni gruvuboksi, kisanduku ambacho huja na sauti zake ndani tayari pamoja na njia ya kuzipanga. Sisi tulitaka mdundo wa kusindikiza mashairi yetu katika Jioni ya Kiswahili. Simu ni marufuku hapa shuleni, na kompyuta za maabara zina wenyewe na ratiba yao. Sampla ni ala kama kayamba. Hakuna sheria inayoikataza.

Tukachanga. Wanachama 40, kila mmoja shilingi 250, hizo ni 10,000. Siku ya wazazi tukaosha magari, tukapata 6,000 juu yake. Kuna mtoto wa kidato cha kwanza aliyeleta mchango wake kwa sarafu tupu, akaomba nizihesabu mbele yake. Nilizihesabu. Sijamsahau.

Siku ya kununua tulienda mjini, mimi na mwalimu mlezi. Muuzaji alitutolea mashine nyeusi iliyopanguswa ikang'aa, yenye vitufe 16. "Mwalimu, hii ni orijino. Imetoka majuu. Hii kitu haina maneno," alisema. Akaichomeka. Taa zikawaka nyekundu na kijani kama matatu ya usiku. Mwalimu akanitazama, nami nikaitikia kwa kichwa kana kwamba nilijua ninachokitazama. Tukalipa zote 16,000. Risiti tuliyopewa iliandikwa "mashine 1", basi.

Lo! Kufika shuleni ndipo tulipoyaona ya Firauni. Vitufe vitatu havikulia. Sikio la kushoto la hedifoni lilikuwa kimya. Na kila tulipoizima, kazi yote ilifutika, kwa kuwa mashine ilihitaji kadi ya kumbukumbu ya aina ambayo haitengenezwi tena. Juma moja kabla ya Jioni ya Kiswahili tulipanga mdundo kwa saa tatu. Stima ikapotea dakika mbili, na mdundo ukaenda na stima. Jioni yenyewe ilipofika tulighani mashairi huku tukipiga meza. Watu walishangilia, lakini bwenini maneno yalikuwa mengine: "Mweka hazina amekula doo." Sikula hata ndururu. Hata hivyo, pesa ziliharibikia mikononi mwangu, na hilo silikani.

Katika mkutano uliofuata ilitolewa hoja kwamba Chama kisinunue tena kitu chochote cha mtumba. Hoja ikapita. Mimi niliipinga siku ile na ninaipinga leo, kwa sababu zifuatazo.

Kwanza, tuzungumze bei bila kudanganyana. Kampuni ya Roland ilipotoa sampla yake ya SP-404MKII mwaka 2021, bei yake huko Marekani ilikuwa karibu dola 500. Hata kabla ya nauli na ushuru, hiyo ni kama mara nne ya hela zote tulizochanga. Kuna waliosema zipo mpya za bei nafuu, na ni kweli. Volca Sample ya Korg, iliyotoka mwaka 2014, ni mojawapo. Lakini ile haina tundu la kuingizia sauti unayotaka kunasa. Sauti mpya huingizwa kwa msaada wa simu au kompyuta. Simu gani, wenzangu? Tutakuwa tumenunua kisima kisicho na kamba.

Pili, muziki wenyewe tunaousikia kwenye matatu una deni kubwa kwa mitumba. Mashine ya ngoma ya Roland TR-808 ilitengenezwa kati ya mwaka 1980 na 1983. Wanamuziki wengi waliikataa kwa kuwa ngoma zake hazikufanana na ngoma za kweli. Haikununuliwa ilivyotarajiwa, ikaishia katika maduka ya mitumba, na huko ndiko vijana wasio na pesa walikoiokota. Leo mlio wake mzito wa chini unatikisa madirisha dunia nzima. Ndugu yake, TB-303, ilitengenezwa mwaka 1981 ili imwigizie mwanamuziki mpiga gitaa la besi. Ilishindwa kazi hiyo, na kufikia mwaka 1984 ikaachwa. Vijana wa Chicago waliojiita Phuture wakaichukua mashine hiyo iliyodharauliwa, wakavizungusha vifundo vyake ovyo mpaka ikalia kama mdudu aliyebanwa, na mwaka 1987 wakatoa "Acid Tracks", wimbo uliozaa aina nzima ya muziki. Kipya kinyemi kingawa kidonda, lakini cha zamani nacho kina utamu wake kikipata mkono.

Tatu, na hapa nawageukia wenzangu wa upande wangu, wale wanaokubali mtumba lakini wanataka mtumba wa jina kubwa. Ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Ile TR-808 iliyokuwa ikiokotwa kwa bei ya kutupa sasa inauzwa kwa maelfu ya dola kwa sababu ya sifa zake. Akai MPC3000 aliyoitumia J Dilla imehifadhiwa Washington, katika makumbusho ya Smithsonian ya historia na utamaduni wa Wamarekani weusi. Mwenzetu mmoja anaamini tukiipata ya aina ile tutapiga kama yeye. La hasha! Jembe la mkulima hodari halilimi lenyewe. Anayetaka mlio wa 808 ajue kwamba gruvuboksi ya Roland MC-303 ya mwaka 1996 ilikuja na milio ya aina ile ndani yake. Na anayelia kwamba mashine fulani ina kumbukumbu ndogo akumbuke E-mu SP-1200 ya mwaka 1987. Ile ilinasa sauti ya sekunde 10 hivi, zikijaa basi. Watengenezaji wa hip hop walikuwa wakiicheza sahani ya santuri kwa kasi kubwa wakati wa kunasa ili ichukue nafasi ndogo, kisha wakaipunguza kasi ndani ya mashine. Sisi tunataka kunasa karai likigongwa na mwiko. Hilo halifiki hata sekunde moja.

Kwa hivyo kosa letu halikuwa mtumba. Kosa letu lilikuwa kununua taa. Taa ziliwaka, tukalipa. Hebu niyaseme niliyojifunza kwa gharama ya Chama, ili atakayetumwa tena asiwe kipofu kama mimi.

Soma nyuma ya mashine kabla hujaiomba iwashwe. Umeme wetu ni wa volti 240. Japani wanatumia 100 na Marekani 120. Mashine ya huko yenye kuingiza umeme moja kwa moja, ukiichomeka hapa bila transfoma ya kupunguza, utanusa moshi kabla ya kusikia muziki. Zile zinazotumia adapta zina mtego mwingine. Roland nyingi za volti 9 hutaka hasi iwe katikati ya plagi, ilhali Korg nyingi hutaka chanya. Mchoro mdogo karibu na tundu la adapta ndio unaokuambia. Adapta ya redio ya nyumbani inaweza kuingia sawasawa na bado ikaua.

Kisha bonyeza kila kitufe, kimoja kimoja, polepole na kwa nguvu. Usibonyeze vitatu ukaridhika. Kitufe kisicholia ni kibovu, na kinacholia mara mbili kwa pigo moja ni kigonjwa vilevile. Zungusha kila kifundo sauti ikiwa inaendelea. Mkwaruzo mara nyingi ni vumbi, husafishwa. Lakini nambari zikirukaruka kwenye skrini, huo ni uchakavu, nao hugharimu. Vaa hedifoni usikilize masikio yote mawili, ukiutikisa waya kidogo. Halafu imba ndani yake. Ndiyo, imba pale pale dukani! Sampla isiyoweza kunasa sauti ni nusu sampla.

Jaribio kubwa ni la kumbukumbu. Panga mdundo mfupi, uhifadhi, zima mashine, hesabu mpaka 60, washa tena. Mdundo ukipotea, uliza kwa nini. Mashine nyingi za zamani hutunza kumbukumbu kwa betri ndogo ya mviringo, nayo hufa kwa umri. Kuibadilisha si kazi kubwa kwa fundi. Lakini kama kazi huhifadhiwa nje, uliza ni juu ya kitu gani. Kadi za SD zinapatikana kila mahali. CompactFlash bado zinapatikana ukitafuta. SmartMedia, zilizotumiwa na mashine kama Korg ESX-1 ya mwaka 2003, zimekwisha kutengenezwa. Flopi nazo zimekuwa adimu, kwani hata Sony iliacha kuziuza mwaka 2011. Mashine isiyo na mahali pa kuweka kazi ni kichwa kisichokumbuka jana.

Mwisho, iache iwake nusu saa. Kuna ugonjwa usiojitokeza mpaka mashine ipate joto. Muuzaji atakuambia ana wateja wengine. Mwache awahudumie, wewe keti. Haraka haraka haina baraka, na anayekuharakisha huenda anajua unachokitafuta.

Wapinzani wangu watauliza: je, ukiyafanya haya yote na bado ikaharibika baada ya mwezi? Inawezekana. Mtumba hauna ahadi ya kiwanda. Lakini mbona tunavaa viatu vya Gikomba? Hatuvichukui gizani. Tunavikunja, tunachungulia soli, tunavijaribu mguuni, tunaomba tupunguziwe. Ajabu ni kwamba tulifanya uangalifu mkubwa kwa kiatu cha shilingi 500 kuliko kwa mashine ya 16,000, kwa kuwa kiatu tunakijua na mashine tuliionea haya. Tuliogopa kuuliza tusionekane washamba. Kuuliza si ujinga, tena ni bei rahisi.

Nayo mashine yetu je? Haikutupwa. Likizo iliyofuata niliipeleka kwa fundi wa redio. Aliifungua, akanionyesha uchafu uliogandamana chini ya mpira wa vitufe, akausafisha kwa spiriti, akalichomelea tundu la hedifoni. Alitaka shilingi 1,200; nililipa kwa pesa zangu. Vitufe viwili vikafufuka. Kadi tuliipata kwa mpiga picha mmoja aliyekuwa na kamera ya zamani iliyokufa, ya aina ile ile ya kadi. Kitufe cha 13 hakilii hadi leo. Anayeipiga mashine sana siku hizi ni yule mtoto wa sarafu. Juzi aliniuliza kitufe hicho kitalia lini. Nilimwambia hakitalia. Akasema, "Sawa, nitakiruka," akaendelea.

Basi ndugu wanachama, naomba hoja ile ifutwe na mahali pake pawe na kanuni tatu. Mosi, asinunue mweka hazina peke yake. Aende na yule atakayeipiga mashine, kwa maana vidole vyake vinajua vinachotafuta. Pili, pesa zisitoke mfukoni mpaka kila kitufe kilie na mdundo uhifadhiwe na kurudi. Tatu, risiti iandikwe jina la mashine, nambari yake na siku tunazoruhusiwa kuirudisha. Muuzaji akikataa kuandika, tumshukuru na tuondoke.

Na kwa wale walionena bwenini, sina kinyongo. Hesabu ziko kwenye daftari la Chama, ukurasa kwa ukurasa, na daftari halijafungwa kwa kufuli. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu nimemlea mwaka mzima. Sitaki Chama kilee wa pili.

Mweka Hazina, Chama cha Kiswahili
Kidato cha Tatu